Herufi 255 za Mzee wa Ngombezi

Hotuba kwa vijana wanaoandika masimulizi ya wazee wa mashamba ya mkonge, Ngamiani, Tanga

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wangu, habari za asubuhi, na poleni na joto. Feni ni moja na sisi tumejaa.

Nimeitwa nizungumzie jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza ataliona dogo: namna ya kuweka maneno marefu ndani ya seli moja, yaani kichumba kimoja cha jedwali la kompyuta liitwalo Excel. Nimeitikia upesi kwa sababu jambo hili dogo limewahi kunitoa machozi. Kabla hatujawasha kompyuta naomba niwasomee maneno ya mzee mmoja. Nayasoma kama yalivyo.

"Bismillahi. Mimi jina langu nilipewa na babu, lakini kambini waliniita namba. Nimezaliwa Buha, kwetu Kasulu. Nilikuja huku Tanga kwa lori na wenzangu kumi na wawili, nikaandikwa Ngombezi, nikakata mkonge. Siku moja mnyapara alichukua kipande changu akasem"

Yanaishia hapo. Mzee alizungumza nami kwa muda wa dakika arobaini hivi, amekaa juu ya gunia chini ya mwembe, na mimi nikaenda nyumbani nikayaandika neno kwa neno, usiku mbili. Kilichobaki ni hicho nilichowasomea. Ukihesabu herufi, nukta, mikato na nafasi zote, utapata 255 kamili.

Ilikuwaje? Mwaka 2011 tulikuwa tumekusanya masimulizi ya wazee 43, kuanzia Kigombe huku pwani hadi Hale, Magunga na Ngombezi. Yote yalikuwa kwenye laha moja ya Excel: kila mzee mstari wake, na maneno yake yote ndani ya seli moja mwishoni mwa mstari. Ofisi moja hapa mjini ilituazima kompyuta yenye Excel ya 2003. Tukataka kusafisha kazi yetu, tukainakili laha nzima kwenda kwenye faili jipya. Kompyuta ikatoa onyo la maneno mengi ya Kiingereza. Mimi ndiye niliyeshika kipanya. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari, nikabofya OK bila kusoma. Onyo lile lilikuwa linasema kwamba baadhi ya seli zina herufi zaidi ya 255, na kwamba zitakazonakiliwa ni 255 za mwanzo peke yake. Tukatazama faili jipya, tukaona mistari yote 43 imetimia, majina yapo, vijiji vipo, na safu ya mwisho ina maneno. Kwa kuwa seli zilikuwa nyembamba, hatukuona kwamba ndani yake kumebaki vichwa bila viwiliwili. Tukafuta faili la zamani. Na sauti za simu tulikuwa tumeshazoea kuzifuta tukimaliza kuandika, ili kupata nafasi ya kurekodi mtu mwingine.

Sasa fikirini kitu kimoja. Herufi 255 za mwanzo za mzee wa Kitanzania ni nini? Ni bismillahi, au tumsifu Yesu Kristo. Ni jina, na jina la baba, na mahali alipozaliwa. Mzee wetu hakuvamii na jambo lake. Hukukaribisha kwanza, akakujulisha yeye ni nani, ndipo aseme. Kwa hiyo katika wazee 43 tulibaki na salamu 43. Kazi ya miezi minane ikawa orodha ya watu wanaobisha hodi.

Wale wanaojua kiwanda watanielewa nikisema hivi: jani la mkonge likipita kwenye korona, ile mashine ya kukamulia majani, kinachotoka kama singa, yaani nyuzi, ni karibu sehemu 4 katika kila 100 za uzito wake, na zilizobaki ni maji na nyama ya jani zinazokwenda na mfereji. Mzee yule wa Ngombezi alikuwa na herufi elfu ishirini na kitu. Mimi nilimwachia pungufu ya sehemu 2 katika 100.

Niseme kidogo kuhusu kipande, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa baada yake na mtakutana na neno hilo katika kila kanda. Mkonge uliletwa kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikitokea Florida, Marekani, na iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kutoka miche ile 62 likazaliwa shamba baada ya shamba, na mashamba yakataka watu kuliko waliokuwapo Tanga. Ndipo wakaja manamba, kutoka Buha, Unyamwezi, Ubena, kutoka Msumbiji, Rwanda na Burundi. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na chombo cha wenye mashamba cha kuwaandikisha, ambacho wazee wote wanakiita SILABU. Jina lenyewe la manamba linatokana na namba. Na kila mmoja alipewa kadi, ndiyo kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama. Usipoimaliza, au mnyapara akisema hukuimaliza, nafasi inabaki wazi na ile siku imekwenda bure. Siku 30 za kipande zilikuwa zikila zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda, na mshahara unangoja kipande kijae.

Bibi mmoja wa Magunga, mjane wa mkata mkonge, alinichorea kipande kile chini kwa kijiti. Akapiga mistari ya kulala, akapiga ya kusimama, vikatokea vijisanduku. Akagusa kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti akisema, "Hapa alikata. Hapa alikata. Hapa homa. Hapa alikata. Hapa tulimzika mtoto." Kisha akanitazama akasema, "Kwenye kadi yao, homa na mtoto vilikuwa vyeupe sawasawa."

Nilipofungua laha yangu usiku ule nikaona mistari ya kulala na ya kusimama, nikashindwa kuandika.

Ndiyo maana nalishika sana jambo hili la seli. Watu hawa walikwisha kuandikwa katika vijisanduku mara moja, na vijisanduku vile havikuwa na nafasi ya neno lolote. Sisi tumekuja na vijisanduku vingine. Vya kwetu vina nafasi. Kosa ni letu tukiwakata tena.

Haya, tuingie kazini. Nafasi yenyewe ni kubwa kiasi gani? Seli moja ya Excel inachukua herufi 32,767, na nafasi na nukta zikihesabiwa humo. Kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu, hayo ni kama maneno elfu tano. Hotuba yangu hii nzima, kuanzia shikamoo, ingeingia ndani ya seli moja na nusu ya seli ingebaki tupu. Google Sheets inachukua zaidi, herufi 50,000. Mzee wa dakika arobaini anaenea. Anayezungumza saa nzima bila kupumua anaweza kuvuka, na huyo nitamrudia.

Msiniulize kwa nini si 30,000 kamili; namba hizi ni za mafundi. Baiti moja ya kompyuta inahesabu kutoka 0 hadi 255, na biti 15 zinafika 32,767. Excel ya 1995 ilikuwa bado inaishia 255. Toleo la 1997 likapanua seli hadi 32,767, lakini njia ile ya kunakili laha nzima ikaachwa na kipimo cha zamani, na ilibaki hivyo mpaka toleo la 2003. Toleo la 2007 ndilo lililoondoa mtego. Mimi nilikanyaga mtego huo ukiwa umeshategwa miaka kumi na nne.

Chanzo chake ni kwamba jedwali la kompyuta halikutungwa kwa ajili ya masimulizi. La kwanza kuenea, VisiCalc la mwaka 1979, lilitengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston kule Marekani kwa ajili ya mahesabu ya biashara. Mpaka leo safu ya Excel ikizaliwa ina upana wa tarakimu 8 na kidogo. Hapo inaenea bei ya kilo ya singa. Kwa hiyo unapobandika maneno ya bibi humo, na seli ya pembeni ina kitu, unachokiona ni "Bismilla" na ukingo. Kijana asiyejua atadhani maneno hayamo, na ataanza kuyafupisha ili yaonekane. Hapo ndipo naomba mniahidi: hakuna kufupisha. Kinachoonekana kwenye seli na kilichomo ndani ya seli ni vitu viwili. Ukitaka kujua kilichomo, tazama ule mwambaa wa juu wa fomula, uupanue kwa kubonyeza Ctrl, Shift na U pamoja. Au weka fomula ya LEN pembeni, ikuhesabie herufi. Mimi sasa nina safu nzima ya LEN kando ya safu ya maneno, na kila jioni kabla ya kufunga naishusha macho. Siku nitakayoona 255 imejirudia mara mbili, nitajua kuna mtu ameniingilia.

Kuna kitufe cha Wrap Text, kinachokunja maneno yashuke chini ndani ya seli. Kitumieni, ni kizuri kwa macho. Lakini mstari wa Excel haurefuki kupita pointi 409, ambazo kwa herufi za kawaida ni mistari kama 27 ya maandishi. Baada ya hapo maneno yapo lakini hayaonekani, na ukichapisha karatasi hayatoki. Kijana mmoja wa hapa hapa alichapisha masimulizi ya bibi yake kwa njia hiyo akayapeleka msibani yasomwe, yakakatika katikati ya sentensi. Kwa kuchapisha, toa maneno ndani ya seli uyapeleke kwenye Word. Jedwali ni la kutunzia na kutafutia.

Sasa namna ya kuyaingiza, na hapa naomba kila mtu aangalie mikono yangu. Ukinakili ukurasa wenye aya sita, ukabofya seli mara moja na kubandika, Excel itachukua kila aya na kuiweka kwenye mstari wake. Mzee mmoja anakuwa mistari sita. Wa kwanza una jina lake, mitano inayofuata haina jina. Unaona mambo mazuri, unaenda kulala. Kesho mwenzako anapanga laha kwa alfabeti ya majina. Mistari isiyo na jina yote inateremka chini kabisa, aya za mzee wa Hale zimekaa na aya za bibi wa Kigombe, na hakuna alama ya nani ni nani. Nilishawahi kukaa na aya moja siku nzima, inasema, "Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwenye treni ya mkonge," na nina kina mama wanne ambao kila mmoja angeweza kuwa ndiye. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata yenye daftari hupotea kama daftari limechanwa.

Basi fanya hivi: bofya seli mara mbili, au ubonyeze F2, mpaka uone kishale kinapepesa ndani yake. Ndipo ubandike. Aya zote sita zitaingia na kukaa pamoja. Ukiwa unaandika mwenyewe na unataka kushuka mstari, bonyeza Alt na Enter kwa pamoja. Enter peke yake itakutoa nje ya seli. Na shuka mstari kwa aya tu, usishuke kwa kila sentensi, maana Excel inaruhusu mishuko 253 katika seli moja. Ukiandika swali na jibu, swali na jibu, mishuko hiyo inaisha mapema kabla ya herufi.

Wale mnaopenda kuanza maneno ya msemaji kwa kistari, kama katika riwaya: acheni. Excel ikiona kistari mwanzoni inadhani unatoa hesabu, italeta kosa. Ukilazimika, tanguliza alama ya ritifaa ('), itanyamaza. Na ikiwa mko kwenye kompyuta ya zamani, seli iliyowekwa aina ya Text inaweza kuonyesha alama za reli tupu, ####, maneno yanapozidi 255. Usifute! Maneno yako mazima. Rudisha seli kwenye aina ya General yatatokea.

Mkipeleka kazi kwa watafiti mtaambiwa mhifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu. Chagueni ile iliyoandikwa UTF-8. Msipofanya hivyo, ritifaa zetu za kupinda zinaharibika, na neno ng’ombe linafika kwa mwenzako likiwa na takataka katikati. Na kuna vidaraja vya zamani vya Microsoft vya kusomea jedwali kutoka programu nyingine, ambavyo hutazama mistari 8 ya mwanzo tu na kuamua: kama mistari hiyo ina maneno mafupi, safu nzima itasomwa kuwa ya maneno mafupi, na kila kitu kitakatwa pale pale kwenye 255. Kwa sababu hiyo laha yetu inaanza na wasemaji wakubwa. Mstari wa pili ni wa bibi wa Magunga mwenye herufi 31,040, na ataendelea kukaa pale juu.

Anayevuka je? Yule wa saa nzima? Msimkate na msimbane. Mpe mistari miwili au mitatu, yenye namba ile ile ya msemaji, na safu nyingine iseme sehemu ya 1, ya 2, ya 3. Mkatishe pale alipovuta pumzi mwenyewe, alipoomba maji au adhana ilipoanza. Mahali hapo kanda itakuonyesha.

Nimesikia rai kwamba tuwe na safu ya muhtasari badala ya maneno yenyewe, ili laha iwe nyepesi. Iwepo safu ya muhtasari, sikatai, lakini kando ya maneno. Nimeona muhtasari wa yule bibi aliyenichorea kipande, ulioandikwa na mtu mwenye nia njema kabisa. Ulisema: "Anaelezea mfumo wa malipo."

Wala msidhani aibu hii ni ya Tanga. Mwaka 2020 huko Uingereza, taasisi ya afya ya umma ilipoteza kwa muda majibu 15,841 ya watu waliokutwa na korona, ile ya ugonjwa, kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani lisilozidi mistari 65,536. Yaliyozidi yakaachwa nje kimya kimya. Wale ni watu wenye vifaa vyote. Kwa hiyo sauti za simu hatufuti tena, hata simu ikilia kwamba imejaa. Zinawekwa mahali pawili, na jina la faili la sauti lina safu yake kwenye laha.

Wazee wale 43, niseme tulipofikia. Wa 31 sauti zao zilipatikana kwenye simu za wenzetu na kadi za kumbukumbu, tukaandika upya. Tisa tuliwarudia, wakatupokea, wakasimulia tena, na bibi mmoja akaongeza ambayo mara ya kwanza alituficha. Watatu tulikuta wametangulia mbele ya haki. Tanga waja leo waondoka leo, ndivyo mji wetu unavyosifiwa, lakini manamba wengi walikuja na hawakuondoka. Makaburi yao yako katikati ya mkonge, na mengine hayana hata jiwe.

Mzee wa Ngombezi ni mmoja wa wale watatu. Mstari wake sijaugusa. Nimeutia rangi ya manjano, na maneno nimeyaacha yaishie kwenye "akasem", kwa sababu sina haki ya kuongeza hata ile "a" ya mwisho. Nakumbuka alipofika pale alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu, kisha akasema alichosema mnyapara, na nimekisahau.

Wazee wangu mlioketi mbele, wengine mmekaa Ngombezi. Baada ya chai nitakuwa kwenye meza ile ya dirishani na kompyuta yangu. Kama yupo aliyekaa kambi moja na Muha mrefu aliyekuwa akifunga kilemba cha kitambaa cha gunia, akamsikia akisimulia habari ya mnyapara na kipande, naomba aje tukae. Seli yake bado ina nafasi ya herufi 32,512.